Kompyuta Iliyokoroma

Sura ya Saba

Koplo alifika kituoni saa tatu kasoro robo, asubuhi ya Alhamisi, na hakuomba kuonyeshwa kompyuta. Aliomba kiti. Akakiweka varandani ubavuni mwa benchi la wagonjwa, akakaa, akanyoosha lile goti lake bovu, akaanza kusalimia watu mmoja mmoja. Upolisi alishauacha huu mwaka wa sita, lakini daftari la mfukoni hakulistaafisha, na penseli bado aliichonga kwa kisu kilekile cha tangu depo ya mafunzo.

Kituo kilikuwa cha kutengeneza miguu ya bandia. Utaratibu wake ni huu: ukishakatwa mguu hospitali na kidonda kikapona, unakuja hapa, unapigwa plasta, unapimwa kila upande. Vipimo vinaingia kwenye kompyuta ya karani, plasta inavunjwa inatupwa maana stoo ni finyu, halafu mafundi wa karakana ya nyuma wanachonga mguu wako kwa kufuata zile namba. Sasa namba za watu thelathini na mmoja zilikuwa zimepotea Jumatatu. Watu thelathini na mmoja, wengine wametoka mbali kwa magongo, wanaambiwa warudi kupigwa plasta upya, na foleni ya plasta ni ya miezi miwili.

Kwenye benchi alikuwepo mwashi mmoja, bonge la mtu, suruali imekunjwa gotini upande wa kulia. Alimwambia Koplo kwamba yeye amekatwa mguu mara mbili, mara ya kwanza na lori la kokoto, mara ya pili na kompyuta. Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

"Na mwizi wenyewe ni yule mama, ndivyo wanavyosema?" akauliza Koplo.

"Wanaosema ni wao huko ndani, mzee. Sisi tunaopimwa naye hatujasema hivyo."

Mama aliyesemwa alikuwa karani, miaka kumi na mmoja kwenye meza ileile. Walimwita Bi Milimita, kwa sababu ukimletea kipimo cha kukadiria anakurudisha ukapime tena hata kama umeshavaa koti la kuondoka. Huyo ndiye aliyeandikiwa barua ya kufukuzwa kwa kosa la kufuta vipimo makusudi. Barua ilikuwa inasubiri saini ya mwenyekiti wa bodi, nesi mstaafu asiyependa maneno mengi. Huyo mwenyekiti ndiye aliyemwita Koplo, akampa mpaka saa nane mchana. Asipoletewa kitu kufikia saa nane, anasaini, na nakala zinakwenda polisi na kwenye vituo vyote vya aina hiyo. Maana yake mama wa watu asingepata tena kazi ya kushika hata rula.

Meneja alimpokea Koplo ofisini kwake kwa kumwita mzee wangu kila baada ya maneno matatu. Alikuwa kijana wa makamo, shati limenyooka, kalamu mbili mfukoni. Alieleza kesi yake kwa kuhesabu vidole. Kwanza, Jumatatu Bi Milimita ndiye aliyeingia chumba cha kompyuta kabla ya watu wote. Pili, Ijumaa iliyotangulia alinyimwa likizo na akatoka kwa hasira. Tatu, kwenye droo yake imekutwa flashi, na huenda aliibia vipimo humo kabla ya kufuta.

"Flashi imefunguliwa?"

"Bado. Ni kielelezo, mzee wangu, hatukutaka kukigusa."

Koplo akaiomba, wakaifungua palepale kwenye kompyuta ndogo ya meneja. Ilikuwa na folda moja iliyoandikwa *mjukuu*, na ndani picha sitini na mbili za mtoto mdogo anajifunza kutambaa. Kwenye picha ya hamsini alikuwa ameshafika mlangoni. Koplo akaitoa flashi, akaandika: *flashi, mjukuu, basi*.

Halafu akaomba barua. Akaisoma polepole, midomo inacheza, maana hakuwa mtu wa kusoma haraka. Akafika chini, akarudi juu, akakaa hapo juu muda mrefu.

"Hii tarehe," akasema. "Barua imeandikwa tarehe mosi Januari, na mwaka uliowekwa ni miaka miwili kabla kituo hiki hakijajengwa."

Meneja akaichungulia, akatabasamu. Akasema ni kosa dogo tu, tarehe inajiweka yenyewe, na nani siku hizi anaangalia tarehe. Koplo akamuuliza aliichapa nani. Akasema yeye mwenyewe, Jumatatu mchana, kwenye kompyuta ya karani kwa sababu ndiyo iliyounganishwa na printa. Koplo akamuuliza kama kabla ya hapo, Jumatatu hiyohiyo, aliigusa ile mashine kwa lolote.

"Sikuigusa."

Koplo akaandika hilo neno moja, akalipigia mstari chini, akaondoka na barua mkononi.

*

Bi Milimita hakuwa nyumbani kwake. Alikuwa kibandani kwa mlinzi wa geti, amekaa kwenye kiti cha mlinzi, mlinzi mwenyewe kasimama nje juani. Tangu Jumanne alikuwa anakuja saa moja kamili kama siku zote za kazi, anakaa hapo mpaka saa kumi, anaondoka. Koplo alipomuuliza kwa nini anajitesa, alijibu kwamba barua haijasainiwa na mwenyekiti, kwa hiyo yeye bado ni mfanyakazi, na mfanyakazi hakai nyumbani siku ya kazi.

Kilichomuudhi hakikuwa kuitwa mwizi. Hilo alisema ameshalimeza. Kilichomkaa kooni ni kwamba Jumatatu alieleza kila kitu mbele ya watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyeandika.

"Basi nieleze mimi, mama. Penseli hii hapa."

Akaeleza. Wiki tatu nyuma, siku ya Alhamisi, alikuja fundi kompyuta akaifungia ile mashine diski mpya, hizi zinazoitwa SSD. Ile ya zamani ina sahani ndani inazunguka na kukwaruza. Hii mpya haina kinachozunguka, ni bamba tu dogo kama kiberiti kilichokanyagwa. Zamani alikuwa akibonyeza kuwasha anakwenda kufagia varanda, akirudi ndiyo inaamka. Baada ya SSD, kabla hajavuta kiti imeshaamka, na kimya, mpaka siku ya kwanza alidhani imekufa.

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu nimebonyeza, kioo kikabaki cheusi, kimeandika maneno meupe ya Kizungu, kinataka kitufe kibonyezwe. Mimi nisichokijua sikigusi, baba. Nikaenda nikamwita meneja. Akaja, akanituma funguo za stoo. Kurudi, mashine imewaka, na yeye hayupo."

"Alibonyeza yeye."

"Mimi sikumwona akibonyeza. Nasema nilichokiona. Nikafungua vipimo, nikakuta vinaishia wiki tatu nyuma. Nikamwita tena. Safari hii alikuja na mashahidi."

Koplo aliandika hilo. Kisha akamuuliza vinaishia siku gani hasa. Bi Milimita hakuhitaji kufikiri. Vinaishia Alhamisi ile, mtu wa mwisho ni wa saa nne asubuhi, dakika chache kabla fundi hajaingia na begi lake.

Mlinzi alikuwa anasikiliza kwa sikio la upande. Koplo akamgeukia, naye akapiga saluti, maana aliwahi kuwa mgambo. Koplo alitaka kujua kama mwisho wa wiki kulitokea jambo lolote geni. Mlinzi akasema hapana, afande, hakuna, isipokuwa ile amri mpya. Amri gani? Iliyobandikwa pale ukutani, kwamba kuanzia Jumamosi iliyopita swichi kubwa izimwe, umeme ukatwe nyumba nzima mpaka Jumatatu asubuhi. Imesainiwa na meneja. Zamani walikuwa wanazima taa tu.

"Na wewe ulizima."

"Saa saba kamili, afande. Nikawasha Jumatatu saa kumi na mbili na nusu."

*

Chumba cha kompyuta kilikuwa kidogo, meza moja, printa moja, ukutani chati ya mguu ulioonyeshwa misuli yake yote. Koplo hakujua kompyuta. Simu yake yenyewe ilikuwa ya vitufe. Lakini alikuwa amekesha miaka mingi kwenye malindo, na kama kuna kitu alikuwa anajua ni kusikiliza. Akafunga mlango, akavua saa ya mkononi akaiweka mezani, akabonyeza kitufe cha kuwashia, pale palipochakaa kwa vidole.

Mashine ikaanza kukoroma. Siyo feni, feni alikuwa anaijua sauti yake. Hiki kilikuwa kitu cha ndani, kinakwaruza, kinanyamaza, kinakwaruza tena, kama mtu mzima aliyelala chali. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili. Ya tatu. Ilipofika dakika nne na sekunde kumi ndipo picha ilipotulia.

Pembeni kule chini ya kioo kulikuwa na tarehe. Akavaa miwani, akasogeza uso. Ilikuwa inasema tarehe nne Januari, mwaka uleule wa kwenye barua.

Akahesabu kwa vidole. Jumatatu mosi. Jumanne mbili. Jumatano tatu. Leo Alhamisi, nne. Kwa hiyo hii mashine ilizaliwa upya Jumatatu. Na mtu anayefuta kwa hasira hachagui kuanzia saa nne ya siku aliyokuja fundi, anafuta chochote kinachokaa mbele yake.

Akaandika: *sasa twende kwa fundi*. Ilikuwa saa tano na nusu.

Fundi alikuwa na chumba nyuma ya duka la vitambaa, na watu walimwita Waya. Koplo alikwenda kwake na dhana mbaya, tusifiche. Alishasikia zipo SSD za uongo, mtu anachukua kadi ndogo ya simu anaigundisha ndani ya kasha zuri, ukiijaza inakula vilivyomo. Akamuuliza waziwazi kama ile aliyowawekea wale watu ilikuwa ya namna hiyo.

Waya aliweka chini chuma cha kulehemu. Aliudhika hasa, mpaka masikio yakabadilika rangi.

"Mzee, kaa hapo nikwambie. Hiyo ya uongo ndiyo aliyoniletea meneja wao. Kubwa ajabu, rahisi ajabu, hata jina la kiwanda halina. Nikamwambia mkubwa, hii siiweki, kitu cha kuamshia mashine hakichaguliwi hivyo. Kinachohitajika hapa siyo ukubwa, ni uhakika. Chukua ya wastani, ya kampuni inayotoa dhamana, uweke humo Windows na programu zenu na vile vipimo. Nikamrudisha mwenyewe dukani, tukachagua pamoja. Nikaipima usiku kucha hapahapa kabla ya kuifunga."

"Na ulifungaje?"

Akaeleza, naye Koplo akawa anamrudisha nyuma kila neno gumu. Alinakili kila kitu kutoka diski ya zamani kwenda SSD, kama kutoa fotokopi, mpaka zikawa pacha. Kisha akaingia kwenye mipangilio ya mashine, akaiambia: kuanzia leo ukiamka, amkia kwenye SSD. Diski ya zamani aliiacha humohumo, kwenye soketi ya kwanza ilikokuwa, maana meneja alikataa itolewe. Mashine ikiona pacha wawili inamwamsha mmoja, mwingine inamfunika kabisa, hata ukifungua humwoni.

Koplo akashika penseli wima. Akaiweka mbele ya Waya ile barua ya meneja, kidole kwenye tarehe.

"Fundi. Mashine ikisahau tarehe, inasahau na nini tena?"

Waya akaivuta barua karibu. Akaitazama ile tarehe. Akaketi kwenye kasha tupu la printa.

"Betri ya saa," akasema taratibu. "Kuna kibetri ndani kama kifungo cha koti. Kikifa, umeme ukikatwa kabisa, mashine inasahau saa, na inasahau mipangilio yote. Inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Na ikiwa hivyo inaamkia soketi ya kwanza."

"Kwenye ya zamani."

"Kwenye ya zamani, mzee. Ambayo haijui lolote tangu siku niliyonakili." Akajishika kichwa. "Hivyo vipimo havijafutwa na mtu. Vimekaa kwenye SSD, vimefunikwa."

Koplo hakusimama. Alimuuliza, kwa sauti ya kipolisi ile ya zamani, kwa nini fundi mzuri kama yeye aliiacha betri iliyokufa. Waya akanyoosha mkono rafuni, akashusha kitabu cha kazi, kile cha karatasi za kaboni, akalamba kidole, akafunua. Ilikuwa ya Alhamisi ile. Mistari minne kwa mwandiko wake. Wa tatu: *kubadilisha betri ya saa, imekufa*. Wa nne: *kutoa diski ya zamani*. Yote miwili imekatwa kwa kalamu ya bluu, pembeni pameandikwa *haina haja*, na saini. Saini ile Koplo alikuwa ameiona asubuhi hiyohiyo mara mbili, kwenye amri ya umeme na chini ya barua.

Kibetri cha bei ya maandazi mawili. Mama wa watu anakaa getini siku tatu, watu wenye mguu mmoja wanapangwa benchini, kwa ajili ya kifungo cha koti. Koplo aliichana karatasi ile, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Chukua bisibisi," akasema. "Na betri mpya."

*

Saa saba na robo walikuwa wote kwenye chumba kidogo. Waya amepiga goti sakafuni, Bi Milimita amesimama nyuma ya kiti chake bila kukalia, meneja karibu na chati ya misuli. Mlangoni alikuwepo mlinzi, na nyuma yake mwashi na magongo yake, ambaye hakuna aliyemwalika na hakuna aliyethubutu kumfukuza.

Meneja alianza kusema kwamba kufungua mashine ni kuharibu ushahidi. Koplo alimwambia ushahidi ndio unafunguliwa. Skrubu nne. Waya akatoa kibetri cha zamani, akakipima, mshale wa kipimo haukusogea. Akaweka kipya. Akachomoa kebo ya diski ya zamani, akaitoa, akamkabidhi Koplo, nayo ilikuwa nzito na bado ina joto. Akaihamishia SSD soketi ya kwanza ili siku nyingine mashine ikisahau isipotee. Akaweka tarehe ya leo na mpangilio wa kuamka, akahifadhi, akaizima.

"Washa mwenyewe, mama," akasema Koplo.

Bi Milimita akabonyeza. Hakuna kilichokoroma. Mwashi alikuwa bado anajisogeza kwenye magongo apate kuona vizuri, kioo kikawa kimeshawaka. Akafungua vipimo, akashuka chini, chini, chini, mpaka Ijumaa ya wiki iliyopita. Akahesabu kwa kidole bila kugusa kioo. Thelathini na moja.

Meneja akasema vizuri, tumshukuru Mungu, kumbe ilikuwa hitilafu ya kawaida, basi yaishe.

"Haijaisha," akasema Koplo. Akatandaza mezani karatasi ya kaboni, na barua juu yake. "Nilikuuliza kama Jumatatu uliigusa hii mashine, ukasema hukuigusa. Tarehe hii inasema kwamba betri ilikuwa imeshakufa na mashine imeshasahau. Mashine ya namna hiyo haiamki mpaka mtu abonyeze kitufe. Huyu mama hagusi asichokijua. Ulimtuma funguo za stoo za nini?"

Meneja akaangalia mlango, ulikuwa umejaa mwashi.

Alisema kwa sauti ndogo. Kwamba alibonyeza, ndiyo. Kwamba maneno yale hakuyaelewa, akabonyeza tu ili yaondoke. Vipimo vilipokosekana alidhani ni yeye.

"Nilifikiri mimi ndiye niliyefuta."

Koplo alikuwa ameshawahoji wezi wa ng'ombe, wezi wa magari, mtu mmoja aliyemwibia mama yake mzazi. Hakumbuki kama aliwahi kukasirika vile. Kukosea angemsamehe, kila mtu anakosea. Lakini huyu aliamini ni kosa lake, akaketi kwenye kiti cha Bi Milimita, kwenye kibodi cha Bi Milimita, akamchapia Bi Milimita barua.

"Miaka kumi na mmoja," akasema Bi Milimita. Hakupaza sauti. "Ungeniambia tu, mwanangu. Tungemwita fundi."

Koplo akampigia mwenyekiti simu, akamweleza kwa maneno kama arobaini. Mwenyekiti akamwambia hasaini, na kwamba anataka faili lenyewe la ile barua, jinsi lilivyochapwa, aliweke mbele ya bodi kesho. Meneja akainama kwenye kompyuta ili alitafute, pengine alifute, hatujui. Akapekua, akapekua tena.

"Haimo," akasema Waya kutoka sakafuni. "Uliichapia kwenye ile ya zamani. Hii mpya haijawahi kuiona."

Koplo alikuwa ameshaifunga diski ya zamani kwenye bahasha, na jina la meneja ameliandika juu.

Bi Milimita akavuta kiti chake, akaketi. Akamwita mwashi kwa jina la ukoo wake kama anavyoita wagonjwa wote. Mwashi akauliza kama mguu wake upo. Upo, akajibiwa, kutoka gotini mpaka chini milimita mia nne na kumi na mbili, na karakana wataanza leo baada ya chakula.

Meneja alikuwa bado amesimama. Akauliza yeye sasa afanye nini. Koplo akachana karatasi kwenye daftari lake, akaiweka mbele yake, akaweka na penseli juu.

"Maelezo yako. Andika kwa mkono," akasema. "Na tarehe, safari hii, iandike mwenyewe."